Kitenzi cha Mapokezi

Siku mtaa ulipomtuma Dobi kwenda ofisi ya maji, alipiga pasi gauni lake mwenyewe. Pasi ile ilizoea nguo za watu. Alichovya vidole kwenye kikombe, akanyunyiza matone machache juu ya maua ya gauni, na yaliyobaki kikombeni akayanywa, kwa sababu ndiyo yalikuwa maji ya asubuhi ile. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi, alikuwa amekaa mlangoni akichambua nywele za bandia na kuzipanga mapajani. Alimwambia dada yake avae viatu vigumu, maana maofisini watu huangalia miguu kabla ya uso. Dobi akasema viatu vigumu vinamuumiza. Akavaa ndala safi, akaenda.

Maji yalikuwa yamekatika tangu hoteli ilipofunguliwa upande wa pili wa kilima. Kukatika kwenyewe si neno sahihi. Bomba lilikuwa bado linapita chini ya mtaa, na ukiinama ukaweka sikio ardhini karibu na duka la mshona nguo, uliyasikia maji yakienda zake hotelini. Hoteli ilikuwa na bwawa la kuogelea la watu wazima, bwawa la watoto, na bwawa lingine ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Mtaani, bomba la pamoja lilikuwa limeota kutu mdomoni. Dobi alifua kwa maji ya kwenye mapipa ya wauzaji, nguo zikatoka na harufu ya pipa, na wateja wake wakawa wanapotea mmoja mmoja bila kuaga.

Kwenye mkutano wa mtaa wapo waliotaka atumwe Msusi, kwa kuwa ana mdomo. Mshona nguo akasema huyo akitumwa atagombana na mlinzi kabla hajavuka geti, na mtaa utakosa maji na kupata kesi juu. Watu wakacheka, na Msusi mwenyewe akacheka. Wakamchagua Dobi kwa tabia yake. Dobi alikuwa mtu wa kusimama mlangoni kwa mteja bila kubisha mara ya pili, mpaka mbwa wa mle ndani achoke kubweka. Mtaa uliona mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa ofisini. Lilikuwa kosa, na walilifanya kwa moyo mweupe.

Jioni Dobi hakurudi. Asubuhi yake Msusi alifunga kibanda chake, akaenda kumtafuta.

Ofisi ya maji ilikuwa na mlango wa kioo, sakafu ya vigae iliyopigwa deki mpaka ukauona uvungu wa kidevu chako, na tangi la samaki lililojaa pomoni. Samaki walikuwa wanene. Nyuma ya meza ndefu alikaa Binti wa Mapokezi, msichana mwenye sauti laini na kucha zilizokatwa vizuri. Kando ya dirisha alikuwepo Dobi. Alikuwa amekuwa kiti.

Msusi alimtambua mara moja, kama unavyomtambua mtu wa kwenu kwa mgongo tu. Kilikuwa kiti cha mti mwekundu chenye mikono, kimeinamia kushoto kidogo, upande ambao Dobi huwekea beseni akifua. Ncha za mikono zilikuwa na nyufa ndogondogo zile za sabuni. Maua ya gauni yalikuwa yamebaki kwenye kitambaa cha kukalia, bado yana alama ya pasi. Ndala zilikuwa chini yake, zimepangwa sambamba. Mkandarasi mmoja alikuwa amemkalia, akisoma simu, na funguo za mfuko wake wa nyuma zilikuwa zimeshachana kitambaa.

Msusi akamwomba mkandarasi ainuke. Yule bwana akamwambia viti vipo tele, achague. Ilikuwa kweli, viti vilikuwa tele. Palikuwa na stuli iliyovaa kofia ya mzee fulani wa soko la mkaa. Palikuwa na benchi refu ambalo zamani lilikuwa mume na mke kutoka nyuma ya reli, waliokuja pamoja na kukaa wameshikana mikono. Msusi hakuchagua. Alisimama mbele ya mkandarasi, akamtazama kwa lile jicho lake ambalo wateja wake wote walilijua, hadi yule bwana akakumbuka kwamba alikuwa na shughuli kwingine.

Binti wa Mapokezi alimweleza bila kuficha kitu. Dobi alifika mapema, akasalimia vizuri, akasema ametumwa na mtaa. Naye akamwambia kile wanachoagizwa kuwaambia watu wasio na miadi, na Dobi akaenda kukaa. Kufikia mchana miguu ilianza kukauka. Wakati wa kufunga ofisi alikuwa tayari. Zamani, alisema, watu waliambiwa wasubiri kwa lugha yao, na haikusaidia. Walikaa, wakachoka, wakauliza hadi lini, wakapandisha sauti, wakarudi nyumbani na kesho yake wakaja na majirani. Mkurugenzi alikwenda semina, akarudi na agizo kwamba mapokezi watumie Kiingereza, na kwa kuanzia kitenzi kimoja tu kingetosha. Tangu hapo ofisi ilikuwa imetulia.

Msusi akasema basi, anamchukua dada yake. Binti akamwambia viti vyote ni mali ya ofisi, haviondoki bila idhini ya Mkurugenzi. Msusi akauliza Mkurugenzi anaonwaje. Binti, kwa sauti ileile laini, akafungua mdomo kumjibu. Msusi akaziba masikio kwa vidole viwili, akatoka nje mbiombio, mlango wa kioo akiufungua kwa bega.

Lakini aliondoka na jambo moja alilolibaini kabla ya kugeuka. Chini ya meza, ndani ya kiatu cha wazi, Binti wa Mapokezi mwenyewe alikuwa na vidole vya mguu vya mti. Alikuwa kibarua. Alikuwa akingoja ajira ya kudumu.

Nyuma ya duka la mshona nguo, jioni, palikuwa na darasa la Kiingereza. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, mwenye koti moja na imani kubwa sana na watu. Aliwafundisha wahudumu wa hoteli, wasafisha maofisi, na mlinzi wa ofisi ya maji, ambaye alikuja na sare yake na kofia akaiweka gotini. Msusi aliingia akasema anataka kujifunza kitenzi kimoja, kisha aende zake.

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba kitenzi kimoja hakimtoshi mtu.

"Dada yangu kimemtosha," Msusi akasema.

Kwa hiyo Mwalimu aliweka kando somo la siku ile, akaandika ubaoni "wait". Akasema ni miongoni mwa vitenzi vya kawaida kabisa, mtoto wa shule ya awali anakijua. Maana yake ni kukaa ulipo, au kuacha unachotaka kufanya, mpaka jambo fulani litokee. Akafungua kitabu chake chenye jalada lililobandikwa kwa gundi na kuwasomea mifano. Bwana mmoja anangoja treni, msichana anamngoja rafiki yake mbele ya sinema, na watoto wanangoja mvua iishe. Msusi aliuliza kama treni ilifika. Mwalimu akaangalia picha, akasema ndiyo, hii hapa inafika. Na rafiki? Amefika, ana mwavuli. Msusi akaomba asomewe mfano ambao kinachongojwa hakiji. Mwalimu alifunua kurasa mbele na nyuma, akatafuta hadi kwenye mazoezi ya mwisho. Hakuupata. Waliotunga kitabu walikuwa watu wa nchi ambazo treni hufika, akasema, na alionekana kuona haya kwa niaba yao.

Kisha wakafanya mazoezi wawili wawili. Mlinzi alimwambia mhudumu, mhudumu akamwambia msafishaji, msafishaji akamwambia Msusi. Hakuna aliyepatwa na lolote, isipokuwa magoti kufa ganzi kidogo, na ganzi hiyo ingeweza kuwa ya benchi. Mlinzi alisema pengine wanatamka vibaya. Alikuwa amelisikia neno lile likisemwa ofisini kila siku na alijua lilivyo, fupi, kama mtu anayefunga kabati. Mwalimu akawapanga wakarudia, darasa zima kwa pamoja, na bado wakatoka wote na miguu yao.

Msusi alikwenda na neno lile kila mahali. Alilitamka akipika chai na akifagia nywele kibandani. Aliliambia jogoo wa jirani, naye jogoo hakujali. Ulimi ulipolizoea, likaanza kumtoka bila kuombwa, na ndivyo ilivyotokea asubuhi moja alipokuwa akimsuka msichana aliyekuwa na usaili wa kazi siku hiyo. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, nusu imesimama wima kama imeshtuliwa. Nje, muuza maji akapita na pipa lake. Msusi aliruka na ndoo, na akiwa mlangoni akamwambia yule msichana, bila kufikiri, kitenzi cha mapokezi.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Aliporudi, msichana alikuwa ameketi palepale, mpole, mikono juu ya magoti. Vidole vilikuwa vimeshakuwa mti hadi kwenye maungio ya pili, na visigino vilikuwa vinatoa mlio vikigusa sakafu.

"Dada, kama bado sana niambie," alisema. "Usaili wenyewe ni leo."

Msusi aliitua ndoo, akashika kitana, akamsuka kwa kasi kuliko alivyowahi kumsuka mtu maishani mwake. Alipofika katikati ya kichwa, nyama ikaanza kurudi kwenye vidole. Alipofunga fundo la mwisho, msichana akajinyoosha, akajitazama kiooni, akasifu mistari ilivyonyooka, akaondoka kwa miguu yake akikimbia. Msusi alibaki amekaa kwenye kigoda. Alitaka kusukutua mdomo, lakini maji ya ndoo ile yalikuwa ya kazi.

Jioni alisimulia darasani. Alisema neno halitaki matamshi. Linataka uwe na kitu mkononi ambacho mwenzio amekijia, na yeye hana pengine pa kukipata. Walipoambiana wao kwa wao halikushika kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu. Na ukimpa mtu alichokijia, linamwachia. Mwalimu alisikiliza akiwa ameshika chaki, kisha chini ya maana aliyokuwa ameiandika mwanzoni akaongeza mstari: hutumiwa na mwenye kitu kwa asiye nacho.

"Hilo mbona tulikuwa tunalijua bila Kiingereza," Mlinzi akasema, na darasa likacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na matumaini. Alisema lugha ni ya kila mtu, haina mlango wa wakubwa na mlango wa wadogo. Kama Mkurugenzi anaweza kulitumia kwa Dobi, basi Msusi anaweza kulitumia kwa Mkurugenzi, ilimradi apatikane kitu ambacho Mkurugenzi anakihitaji kutoka kwake. Na mtu aliyekwisha kuwa kiti, alisema, atajua kiti kinajisikiaje. Alisema haya macho yakimng'aa, na Msusi, ambaye hakuwa mtu wa kuamini maneno ya vijana wenye koti moja, alijikuta anaamini.

Shida ilikuwa hicho kitu. Walikitafuta usiku na mchana. Mkurugenzi hakuhitaji kusukwa, maana alikuwa na upara. Nguo zake zilifuliwa hotelini. Maji alikuwa nayo. Mtaa mzima ulikaa kufikiri, na watu walisikitika kugundua kwamba hawakuwa na chochote ambacho mtu yule angekikosa. Mwishowe mshona nguo, huku akitunga uzi kwenye sindano, akasema kwamba kipo kimoja. Mkurugenzi anahitaji wanyamaze. Na kitu hicho wamekuwa wakimpa kila siku, wala hakuomba.

Mlinzi ndiye aliyeleta habari kwamba wafadhili wanakuja kukagua. Wangefika ofisini asubuhi, wangetazama samaki, wangeingia ukumbi wa mikutano, kisha wangepelekwa hotelini kula. Alisema siku hiyo Mkurugenzi anataka ukumbi kimya na njia nyeupe kuliko anavyotaka hewa. Msusi alivaa viatu vigumu. Darasa zima lilimsindikiza mpaka kwenye kona.

Getini Mlinzi alimpekua mkoba kwa bidii sana, akamruhusu apite kana kwamba hamjui. Wafadhili walikuwa wameshaketi kwenye chumba cha kusubiria, wakinywa maji ya chupa. Mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa amekaa juu ya Dobi na kuusifia mti wake. Aliuliza kama viti vimetengenezwa hapa hapa nchini, na Mkurugenzi akamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, vyote. Msusi aliyasikia haya akipita. Alihisi damu inampanda hadi kwenye mizizi ya nywele, lakini hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa ukumbi, akauegemea kwa mgongo, akanyoosha mikono akashika vizingiti huku na huku.

Mkurugenzi alikuja na wageni nyuma yake. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tabasamu la kukaa. Alimwambia Msusi, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, apishe njia. Wageni walisimama. Palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa cha Msusi kukitoa au kukinyima. Akamtazama Mkurugenzi usoni, akamwambia kile kitenzi, jinsi Mlinzi alivyofundisha, kifupi, kama mtu anayefunga kabati.

Kilishika. Ncha ya kiatu cha kulia cha Mkurugenzi iligeuka mti, mti mzuri, mweusi, wenye mng'aro. Alipotaka kuuinua, mguu uligonga vigae, ko, kama fimbo. Akaukazia macho. Msusi akaona mti unapanda taratibu kwenye soksi, na moyoni mwake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya kikombe na pasi, kulikuwa na furaha tupu.

Mkurugenzi akageuka. Aliwaambia wageni kwa Kiingereza kirefu na kizuri kwamba watumie mlango wa upande wa pili, una mwanga zaidi. Ukumbi ule ulikuwa na milango miwili. Hatua ya kwanza alichechemea, ya pili alitembea, na kabla hajafika kwenye mlango mwingine kiatu kilikuwa ngozi tena. Mama mwenye miwani alimpungia Msusi mkono.

Msusi hakuondoka. Alishika vizingiti vya mlango usiohitajika mpaka mkutano ukaisha na magari yakaondoka kwenda hotelini. Mkurugenzi alirudi peke yake, akamwomba waende kuzungumza kwenye meza ya mapokezi. Hakuwa na hasira. Alimpongeza. Alisema amesikia watu wengi wakilisema neno lile, hata wenye vyeti, lakini ni wachache wanaolisema likafika. Ofisi inamhitaji mtu kama yeye pale mbele. Nafasi ilikuwa wazi. Akamvutia kiti, chepesi, chenye sauti laini kinapovutwa, miguu yake minne imekatwa vizuri kwenye ncha. Msusi alikitazama. Binti wa Mapokezi alikuwa amekamilika wiki ile.

"Kaa," Mkurugenzi akasema. "Utazoea."

Msusi akasema hataki kazi, anamtaka dada yake, na mtaa unataka maji yanayopita chini ya miguu yake. Alisema yote mawili kwa adabu ambayo hakujua anayo. Mkurugenzi akasikiliza, akitikisa kichwa kwa huruma. Alisema suala la maji liko kwenye mchakato. Suala la dada litaangaliwa. Kisha akamwambia, akiwa anapanga kalamu zake mfukoni, kile kitenzi.

Msusi alilisikia neno likimwingia kwa miguu. Visigino vilipata uzito. Kitu kigumu na kikavu kilipanda kwenye vifundo, kikapanda muundi, na hakikuwa na maumivu yoyote, hilo ndilo lililomtia hofu. Kilikuwa na raha yake. Kilimwambia kwamba amefanya sehemu yake, kwamba amefika mahali panapohusika, kwamba sasa ni kazi ya wengine. Alielewa jinsi dada yake alivyokwenda, polepole, akiamini. Alielewa kwamba alikuwa amesimama mbele ya mtu huyu tangu asubuhi akimwomba, na kila alichomwomba ndicho kilichokuwa kinampanda magotini.

Akaacha kumwomba. Haikuwa rahisi, ilikuwa kama kung'oa jino kwa ulimi. Alianza na maji. Alijiambia mtu huyu hana maji ya kumpa, maji si yake, yanapita tu mikononi mwake kama yanavyopita mtaani. Kisha dada. Hana idhini ya kumpa, dada si wake. Kisha jibu. Kisha hata ile hamu ya kumwona anaona aibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa na mizizi mirefu kuliko zote. Ilipotoka, magoti yalikunjika. Akasogeza mguu mmoja, akasogeza na wa pili.

Mkurugenzi alikuwa ameshapokea simu na kumpa mgongo.

Msusi alikwenda dirishani. Aliokota ndala, akazitia mkobani. Akamwinua dada yake, ambaye alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea, akamgeuza miguu juu, akamweka kichwani, kama Dobi mwenyewe alivyokuwa akibeba mabeseni ya watu. Akatoka kwa mlango wa kioo.

Getini Mlinzi alimsimamisha. Aliagizwa kusimamisha kila kitu kinachotoka, na geti lilikuwa na kamera juu yake. Akamuuliza kwa sauti ya kikazi, "Hicho ni mali ya ofisi?"

"Huyu ni wa mama yangu," Msusi akasema.

Mlinzi alifikiri. Alivua kofia, akafuta jasho, akairudisha. Akamwambia apite upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto kuna dimbwi la maji ya kuoshea magari, asije akateleza na mgonjwa.

Habari ilienea. Mtu wa soko la mkaa alikuja kuchukua stuli ya baba yake, akaibeba kwapani. Watoto wa wale mume na mke wa nyuma ya reli walikuja na mkokoteni, wakawapakia bila kuwatenganisha. Mama wa Binti wa Mapokezi alikuja mwenyewe, hakuzungumza na mtu, akaondoka amekikumbatia kiti. Kila mmoja Mlinzi alimuuliza swali lilelile, akapewa jibu la namna ileile, akafungua geti. Chumba cha kusubiria kikabaki vigae na samaki.

Dobi aliwekwa kando ya bomba la pamoja, kivulini. Mtaa ulidhani huenda akifika nyumbani atalainika, hakulainika. Yeye hakuwa anangoja kurudi. Alitumwa kuleta maji, na alikuwa bado anayangoja. Msusi alimshona kitambaa pale funguo zilipochana, akampaka mafuta kwenye nyufa za vidole kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alimsimulia habari za mtaa, nani ameolewa, nani amehama. Hakuna aliyemkalia. Wageni waliotaka kumkalia waliambiwa kwa heshima kwamba hapo pana mtu. Na ukiinama karibu na miguu yake, ukaweka sikio chini, uliyasikia maji yakipita.

Siku moja Mlinzi alikuja darasani bila sare. Alikuwa amefukuzwa kazi, akasema, na hilo halikumshangaza mtu. Mwalimu alimpisha kwenye benchi, akamuuliza kama ofisi sasa imebadilika, maana chumba kitupu kinaweza kumfanya mtu afikiri. Bado alikuwa na matumaini, na hakuna aliyemcheka.

Mlinzi akasema imebadilika kidogo. Wamechukua msichana mwingine wa mapokezi, ana sauti laini vilevile. Asubuhi ya kwanza watu walifika wakakuta hakuna pa kukaa, wakasimama wameegemea ukuta. Mhasibu akamuuliza Mkurugenzi kama aagize viti. Mkurugenzi akamwambia asiharakishe.

Kufikia mchana, Mlinzi akasema, vilikuwa vimetosha.